KENGELE YA SHULE NA KIDIRISHA CHA CHIPU



Mhariri aliniomba niandike historia, na hapana shaka alitumaini habari za serikalini, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Nitamwomba radhi. Nataka kuandika habari za kidude cheusi chenye miguu 40, ambacho watu wa miaka ya 1995 na 1996 walikitii kila siku bila kukiona.

Mtakumbuka kwamba kabla ya hapo kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni, na mpigaji alikuwa kiranja wa zamu, ambaye kama amelala nasi sote tulilala. Mwalimu wetu wa Fizikia alichoshwa na jambo hilo. Akatengeneza sanduku la bati lenye saa ndani yake, akaliunga na kengele ya umeme, na tangu siku hiyo hapakuwa na wa kumsingizia. Katikati ya sanduku ilikaa chipu iitwayo 8751.

Chipu ya namna hii huitwa mikrokontrola, yaani kompyuta nzima, pamoja na kumbukumbu yake, ndani ya kipande kimoja. Mwaka 1974 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS1000, lakini programu yake ilitiwa kiwandani wakati wa kuitengeneza, wala haikubadilika tena. Aliyetaka chipu moja kwa ajili ya kengele moja hakuwa na nafasi humo. Njia ilikuwa imekwisha funguliwa mwaka 1971, pale Dov Frohman wa kampuni ya Intel alipovumbua EPROM, kumbukumbu inayoandikwa kwa umeme na kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mwaka 1976 Intel walitoa 8048 na ndugu yake 8748 yenye kumbukumbu hiyo. Mwaka 1980 wakatoa 8051, na ndugu yake wa namna ile ile akawa 8751. Hiyo ilibeba baiti 4,096 za programu na baiti 128 tu za kufanyia kazi. Barua hii mnayosoma isingeenea humo.

Juu ya 8751 palikuwa na kidirisha cha duara cha kwatzi. Ukiiweka chini ya taa maalumu kwa dakika 20 hivi, programu yote hufutika. Kwa hiyo kidirisha hubandikwa karatasi, maana hata jua lafuta: waliotengeneza chipu za jinsi hii walionya kwamba wiki moja hivi ya jua kali yatosha.

Kuandika ndiko kulikokuwa na taabu. Chipu ilihitaji volti 21 kwenye mguu mmoja, tena kwa vipindi vilivyopimwa, na mashine ya kazi hiyo ilikuwa mali ya maofisi makubwa. Mwalimu aliandika programu yake kwa kalamu kwenye daftari, akaisafirisha mpaka Dar es Salaam kwa rafiki yake aliyekuwa na mashine, akarudi. Kosa la tarakimu moja lilikuwa nauli ya basi kwenda na kurudi, naye aliilipa mfukoni mwake. Nijuavyo mimi, alikwenda mara tatu.

Sasa niseme nisilolisema kwa miaka karibu 30. Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, nilipewa kazi ya kufuta vumbi sanduku lile kabla ya likizo. Nilisikia chipu ina kidirisha, nikabandua karatasi nione ndani. Kwa kweli ni kuzuri: kuna kiraba kinachong'aa kama bawa la nzi. Kisha basi likaja. Nililiacha sanduku wazi dirishani mwa maabara, dirisha ambalo vioo vyake vilikwisha vunjika, likaota jua mwezi mzima. Tuliporudi kengele ilikuwa bubu. Mwalimu aliitazama chipu, akaitazama karatasi sakafuni, hakuuliza. Safari ya nne hakuiweza. Kiranja akarudi mwembeni.

Huko nje mambo yaliendelea. George Perlegos, aliyepata kushughulikia kumbukumbu za namna hii huko Intel, alianzisha kampuni ya Atmel mwaka 1984, na mwaka 1993 Atmel walitoa 8051 yenye kumbukumbu ya flashi, ifutikayo kwa umeme peke yake. Kidirisha kikatoweka. Baadaye ikaja AT89S52, ambayo hupokea programu kwa nyaya chache tu ikiwa palepale kwenye kazi yake. Atmel hao hao walitoa pia chipu za AVR, zilizobuniwa na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, na juu ya AVR ndipo walimu na wanafunzi wa Ivrea, Italia, walipojenga ubao wa Arduino mwaka 2005. Ubao huo ulikusudiwa wasanii na wanafunzi wasio na fedha.

Mwaka 2024 nilikuta Arduino Uno mbili katika maabara yetu, na sanduku la bati kabatini. Vijana wa Kidato cha Tano walinunua AT89S52, ambayo miguu yake hulingana na ya 8751, wakaunga mguu wa 6, wa 7, wa 8 na wa 9 kwenye Arduino, pamoja na umeme na kristali. Siku mbili chipu haikuitikia. Programu waliyoitumia iliandikwa kwa ajili ya AVR, ambayo husubiri maagizo mguu wake wa kuanzishwa upya ukishushwa. Ya ukoo wa 8051 hutaka mguu huo upandishwe. Binti mmoja aligundua hilo kwa kusoma maelezo ya kiwanda mstari kwa mstari. Alipogeuza, chipu ilijitaja: 1E, 52, 06. Walipiga kelele hata mkuu wa shule akaja.

Programu yenyewe ilitoka kwa Mwalimu. Amestaafu, yuko kwao Mbinga, na daftari analo. Kurasa 11 zilipigwa picha kwa simu. Vijana waliziandika zilivyo, pamoja na ratiba ya zamani, ndiyo maana shuleni kwetu kengele hulia saa 10 na nusu jioni kwa ajili ya shamba ambalo limekwisha jengwa bweni. Wamekataa kuiondoa.

Mwalimu hupelekewa gazeti hili kila toleo.