Kulala Angani: Kiti cha Safari Ndefu Kutoka Kisumu ya 1937 Hadi Kanombe

Mtu wa Cyanzarwe, magharibi mwa Rwanda, anayekwenda Ulaya huanza safari yake barabarani. Anateremka Gisenyi, anapanda basi la Kigali linalopita Musanze, na baada ya saa tatu au zaidi kidogo anafika mji mkuu. Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu naye kuliko wote ni wa Goma, ng'ambo ya mpaka, lakini uwanja huo umepitia mengi: Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia yake ya kurukia ndege, na vita vya Januari 2025 viliufunga. Kwa hiyo anakwenda Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali. Toka hapo hadi Brussels au London ni saa nane, tisa za kuwa hewani, mara nyingi usiku kucha. Ndiyo maana nikilinganisha viti vya zamani na vya sasa vya daraja la biashara, jambo la kwanza ninalouliza ni kama abiria alipata usingizi.

Wasafiri wa kwanza wa anga katika eneo letu hawakuhitaji kulala ndani ya ndege. Imperial Airways ilianza safari za London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata njia ikasukumwa mpaka Cape Town. Mwaka 1937 zikaja zile ndege kubwa za Short zilizotua majini, zikitia nanga Port Bell, Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam katika njia ya kwenda Durban. Jua likizama, safari ilisimama. Abiria walishushwa kwa mashua, wakala chakula cha jioni hotelini, wakalala kitandani nchi kavu, na alfajiri wakaendelea. Hata hivyo mafundi waliiundia ndege hiyo nafasi ya abiria 24 wa mchana au vitanda 16 vya usiku. Kulikuwa pia na chumba cha kunyooshea miguu, chenye reli mbele ya madirisha ili mtu aegemeze viwiko akitazama nchi ikipita chini yake. Safari ilichukua siku kadhaa, nauli ilikuwa ya maafisa wa serikali za kikoloni na matajiri wachache, lakini nafasi waliyopewa hakuna shirika linaloitoa leo katika daraja la biashara.

Usiku uliingia ndani ya ndege zilipokuja injini za jeti. East African Airways, iliyoundwa mwaka 1946, ilipokea Comet 4 mwaka 1960, na Nairobi na London zikawa mbali kwa saa tu, si kwa siku. Mwaka 1966 ikaanza kurusha Super VC10, na hii ndege inastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu viwanja vya Afrika ni miongoni mwa mambo yaliyoamua umbo lake. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na jua lake ni kali. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa pia. Wahandisi wa Vickers wakahamishia injini zote nne mkiani, mabawa yakabaki safi kwa kazi ya kunyanyua tu, na ndege ikaweza kuruka kutoka njia fupi, za juu, zenye joto. Faida ya pili ilimwendea abiria: aliyeketi mbele alikuwa mbali na mngurumo. Daraja la kwanza lilikuwa na kiti kipana cha kulaza mgongo, mhudumu na sahani za udongo, na ukimya uliosifiwa sana wakati ule. Hata hivyo kiti hakikunyooka. Aliyelipa nauli ya juu kabisa alilala ameketi, shingo upande, na akaamka London miguu imevimba.

East African ilinunua Super VC10 tano, zikaandikishwa kwa kugawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Moja ilianguka Addis Ababa Aprili 1972. Shirika lenyewe lilivunjika mapema mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na nne zilizobaki zikaishia mikononi mwa jeshi la anga la Uingereza. Viti vikang'olewa. Mahali walipokaa abiria wa Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam pakawekwa matangi ya mafuta, ndege zikawa za kujaza mafuta ndege nyingine hewani. Iliyokuwa 5H-MOG, yenye usajili wa Tanzania na ya mwisho kabisa kutengenezwa katika jamii ya VC10, ilifanya kazi hiyo hadi Septemba 2013. Mwili wake ulidumu zaidi ya miaka 40. Viti vyake vya asili havikupata umri huo. Anayeandika historia ya viti hukutana na tatizo hili kila mara: ndege hutunzwa, kiti hutupwa.

Tena East African ilikufa bila kujua daraja la biashara. Wazo hilo lilishika mwaka mmoja baadaye, 1978, Pan Am na British Airways zilipoanza kuwatenga abiria waliolipa nauli kamili ya kawaida. Nauli za punguzo zilikuwa zimejaza ndege za watalii, na mfanyabiashara aliyekata tiketi kwa bei kamili alichukizwa kubanana na aliyelipa nusu yake. Qantas ikafuata mwaka 1979. Katika mashirika mengi kiti chenyewe kilikuwa kile kile cha kawaida, labda cha katikati kikiachwa wazi, pazia likivutwa nyuma. Kenya Airways, iliyozaliwa mwaka 1977 kutokana na kuvunjika kwa East African, ilikulia katika mpangilio huo.

Miaka ya 1980 na 1990 iliongeza upana na nafasi ya miguu, kisha vikaja viti vya mteremko. Vilinyooka, ndiyo, lakini vilibaki vimeinama kuelekea miguuni. Abiria alijilaza, akashika usingizi, na kidogo kidogo mwili ukateleza hadi magoti yakagonga mbele. Akajivuta juu, akaanza upya. Tayari mwaka 2000 British Airways ilikuwa imeweka kitanda bapa katika daraja la biashara, kiti kimoja kikitazama mbele na jirani yake nyuma ili mabega yapishane. Mimi naona hapo ndipo mstari ulipo kati ya kiti cha zamani na kipya. Hatua ya pili yenye uzito ni kila kiti kupata njia yake. Katika mpangilio wa mbili-mbili-mbili, wa dirishani akitaka kwenda msalani saa nane usiku humruka jirani aliyelala, au humwamsha. Viti vilivyopangwa moja-mbili-moja viliondoa adha hiyo.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana. Kenya Airways ilipokea Boeing 787 mwaka 2014, zenye viti 30 vya biashara. Septemba 2016 ilitua Kigali Airbus A330-200 ya RwandAir iliyopewa jina Ubumwe, ikiwa na viti 20 vinavyolala bapa, na kabla ya mwaka kwisha ikaja A330-300, Umurage, yenye 30. Air Tanzania ilipata 787 yake Julai 2018, viti 22. Uganda Airlines ilipokea A330-800 Desemba 2020, vitanda 20. Ndege hizi hutofautiana kwa jambo jingine lisiloonekana katika picha za matangazo, nalo ni hewa. Ndani ya 787 abiria hupumua hewa kama ya mwinuko wa mita 1,800. Katika ndege za kizazi cha kabla yake inaweza kufikia ya mita 2,400. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Cyanzarwe iko juu ya ziwa. Mwenyeji wa huko akipanda 787, mapafu yake hayaoni ugeni mkubwa. Anayetoka Mombasa anaweza kuamka na kichwa kizito, na hakuna kitanda kitakachomwondolea hilo.

Tangu Qatar Airways ilipotoa Qsuite mwaka 2017, mashindano yamehamia kwenye milango. Kiti sasa kina kuta na mlango wa kusukuma, na abiria anaweza kutoka Doha hadi London asimwone jirani yake. Faragha ni kitu kizuri, hasa kwa mama anayenyonyesha au mtu asiyependa kutazamwa akilala. Lakini milango hiyo na kuta zake ni uzito, na uzito una gharama Kanombe, uwanja ulio karibu mita 1,500 juu, kama ulivyokuwa na gharama Nairobi enzi za VC10. Na vingi kati ya viti hivi vya kisasa huingiza miguu katika kishimo chembamba chini ya kiti cha mbele. Mtu mrefu hugeuka ubavu kwa shida. Ningepewa kuchagua, ningeacha mlango nikachukua nafasi ya kugeuka.

A330-200 ya RwandAir iliingia kazini na viti 244: 20 vya biashara, 21 vya daraja la kati, 203 vya kawaida. Mwaka 2019 shirika hilo lilianza safari za Guangzhou, na wachuuzi wa Gisenyi na Goma, wale wanaopishana na mizigo kila siku kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, wana haja kubwa na njia kama hiyo. Fedha zao huziweka katika bidhaa, kwa hiyo wengi wao hukata tiketi ya nyuma. Huko, katika vile viti 203, bado mtu analala ameketi kama abiria wa Comet ya 1960, tena kwa nafasi ndogo kuliko aliyokuwa nayo yule wa daraja la kwanza.