Kileo na Dawa: Je, Pombe Ni Dawa ya Kulevya?

Katika jumuiya ndogo ndogo za bonde la Kilombero swali hili huulizwa mara kwa mara, na mara nyingi huulizwa kwa uchungu. Kijana akikutwa na misokoto ya bangi hupelekwa polisi. Jioni hiyo hiyo, kilabuni, watu wazima wenye watoto na madeni wanabebwa kurudishwa nyumbani, wala hakuna anayeulizwa. Mama wa kijana anauliza: kwa nini kile ni kosa na hiki ni starehe? Wapo wanaomjibu kwamba pombe ni mila, kwamba ni chakula, na kwamba Bwana mwenyewe aligeuza maji kuwa divai. Wengine wanasema pombe ni sumu kama heroini, ipigwe marufuku, basi.

Tumeona ni vema kulijibu kwa njia ya historia, maana majibu yote mawili yana historia yake hapa kwetu, na asiyeijua huishia kugombana na jirani bure.

Tuanze na neno lenyewe

Kiswahili chetu kimekwisha kutoa nusu ya jibu. Kulewa, kulevya, kileo, ulevi, mlevi: maneno haya yote ni ya ukoo mmoja. Tunaposema "dawa za kulevya" tunakusudia heroini, kokeini na bangi. Lakini mzee ambaye hajawahi kuona sheria yoyote, ukimwuliza ni kitu gani kinacholevya, ataitaja pombe kwanza.

Neno "dawa" nalo ni pana. Kuna dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya mapenzi. Bonde hili na milima ya Mahenge vinaujua uzito wa neno hilo. Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalipokelewa kama dawa ya kuzuia risasi, na tarehe 30 Agosti mwaka huo wapiganaji waliishambulia boma ya Wajerumani pale Mahenge. Wengi walianguka mbele ya bunduki za mzinga. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa ya kweli. Lakini kukiita kitu dawa hakukubadili kilichokuwamo ndani ya kibuyu. Vivyo hivyo, kutokukiita kitu dawa ya kulevya hakukiondolei nguvu yake.

Pombe ya shamba

Wanaoitetea pombe kama mila wana hoja, nasi hatutaidharau. Katika bonde la mafuriko, ambako mpunga unapaswa kulimwa na kupaliliwa kwa wakati wake, familia moja haiwezi kazi yote. Mwenye shamba alipika pombe, akawaita majirani, wakalima kwa ujima. Pombe ilikuwa shukrani, na pia ilikuwa ahadi kwamba kesho na yeye atakwenda kulima kwa mwenzake. Ilinywewa katika matanga, katika arusi, na katika kuwakumbuka waliotangulia.

Pombe ile ilikuwa na mipaka ambayo hakuna aliyeiandika. Mpaka wa kwanza ulikuwa nafaka: asiyekuwa na akiba hakupika, kwa hiyo miezi ya njaa ilikuwa miezi mikavu. Wa pili ulikuwa kazi ya kupika yenyewe: kuotesha kimea, kukianika, kukisaga, kuchemsha, kungoja siku kadhaa. Wa tatu ulikuwa kuchacha: pombe ya nafaka haikai, baada ya siku chache haifai, hivyo haikuwezekana kuwa na duka la kuuza kila siku. Wa nne ulikuwa umri: wazee walitangulia na vijana walisubiri. Hatusemi kwamba zamani hakukuwa na walevi wala wanawake waliopigwa. Walikuwapo. Tunasema kwamba ulevi wa kila siku ulikuwa mgumu kuupata, hata kwa mtu aliyeutaka.

Wamisionari na sheria za rangi

Wamisionari Wabenediktini walifungua misioni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifuatiwa na Wakapuchini kutoka Uswisi na Masista wa Baldegg, waliofika Tanganyika mwaka 1921. Hawa walitoka katika nchi za bia na divai, na Misa yenyewe haiadhimishwi bila divai. Yapo madhehebu ya Kiprotestanti yaliyofanya kuacha pombe kabisa kuwa alama ya mwongofu. Wakatoliki kwa kawaida walidai kiasi. Ndiyo maana hadi leo jirani yetu Mpentekoste, na jirani yetu Mwislamu kwa sababu za dini yake, wanatushangaa.

Wakati huo huo, mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba pombe kali ni hatari kwa Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ule uliolenga hasa kukomesha biashara ya utumwa, uliweka pia vizuizi vya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta. Kilombero imo ndani ya eneo hilo. Mwaka 1919 ukafuata mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, na Mapatano ya Shirikisho la Mataifa, katika ibara ya 22, yakaitaja biashara ya pombe pamoja na biashara ya watumwa na ya silaha. Ibara ya 23 ya mapatano hayo hayo ikaitaja afyuni na dawa nyingine za hatari pamoja na biashara ya wanawake na watoto. Kwa hiyo miaka zaidi ya 100 iliyopita, wakuu wa dunia waliandika pombe na dawa za kulevya katika ibara mbili zinazofuatana, na zote mbili wakazihesabu kuwa maovu ya biashara.

Lakini angalieni jinsi sheria hizo zilivyotumika. Mzungu aliweza kununua wiski yake, Mwafrika alikatazwa. Sheria haikusema kwamba kinywaji ni kibaya. Ilisema kwamba mnywaji mweusi ni mtoto. Ndiyo sababu chupa iliyokatazwa ikawa alama ya hadhi, na uhuru ulipokuja, kunywa kile alichokunywa bwana shauri kulionekana kuwa sehemu ya uhuru. Hofu yetu ya marufuku za pombe ina mizizi hapa, nayo si hofu ya kipumbavu. Hata hivyo ubaguzi wa aliyetunga sheria haugeuzi gongo kuwa maziwa.

Sukari, reli na gongo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi kaskazini ya bonde. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, ikapita Ifakara na Mlimba. Ikaja mishahara ya kila mwezi, ikaja sukari ya dukani, wakaja wageni wasio na ukoo wa kuwaonya. Mipaka minne ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Mwenye fedha hakuhitaji kungoja mavuno. Pombe ya kulimia ikawa pombe ya kununua. Komoni ilipikwa kila juma, na ulanzi ukateremka kutoka milimani.

Gongo ndiyo iliyovunja mpaka wa kuchacha. Pombe iliyochachuka huchemshwa, mvuke wake hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, na hudondoka tone kwa tone. Kitokacho hakichachi tena. Hukaa chupani mwezi na mwaka, na kwa kipimo kile kile kina nguvu mara nyingi zaidi. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria maalumu ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, na mwaka 1968 ikatungwa sheria ya vileo iliyoweka leseni na saa za kuuza. Baada ya Azimio la Arusha serikali yenyewe iliingia katika umiliki wa kiwanda cha bia. Hivyo dola ikawa mlinzi, muuzaji na mtoza kodi wa kitu kimoja.

Sheria ya mwaka 1995 ya kuzuia usafirishaji haramu wa dawa za kulevya, na ile ya mwaka 2015 iliyofuata, hazikuihesabu pombe. Mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961 na 1971 haikuihesabu pia. Kisheria, basi, jibu la swali letu ni hapana. Lakini tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali ambazo mwanafunzi aliweza kuzificha kwenye soksi. Hakuna anayepiga marufuku pakiti za chai.

Yanayoonekana hospitalini

Ifakara ni mji wa hospitali. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko inajulikana nchi nzima, na maabara aliyoianzisha Profesa Rudolf Geigy wa Basel mwaka 1957 ndiyo iliyokua hata kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa mganga, swali halina utata. Kilichomo katika bia, komoni, divai na gongo ni kitu kimoja, alkoholi, na kazi yake ni katika ubongo. Mwili huizoea na kudai zaidi. Aliyezama humo akiacha ghafla hutetemeka, hutoka jasho, huona visivyokuwapo, hupata degedege, na anaweza kufa asipotibiwa. Mwaka 1988 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vileo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, kundi lile lile la moshi wa tumbaku.

Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, kwa sababu ilikubalika kwamba ni wagonjwa. Mnywa gongo wa kijijini bado anatibiwa kwa kicheko na kwa mgambo.

Imani inasema nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inazungumzia kileo katika namba 2290, chini ya fadhila ya kiasi, pamoja na chakula, tumbaku na dawa za tiba. Namba 2291 inazungumzia dawa za kulevya, na kuyaita matumizi yake kosa zito isipokuwa kwa matibabu. Kanisa limezitenganisha, lakini limeziweka jirani, na katika namba ile ya kwanza linasema wazi hatia ya mlevi anayehatarisha maisha ya wengine barabarani.

Kana haipingani na hayo. Divai ya Kana ilikuwa ya arusi, yenye mwanzo na mwisho. Maandiko hayohayo yanatuonyesha Noa akilala uchi hemani, na kitabu cha Mithali, sura ya 23, kinamweleza mlevi kwa undani ambao mganga yeyote ataukubali: majeraha yasiyojulikana yametoka wapi, macho mekundu, na kuamka akitafuta tena. Zaidi ya hayo, mwaka 2003 Idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilithibitisha kwamba padre mwenye ugonjwa wa ulevi anaweza kuruhusiwa kuadhimisha Misa kwa juisi ya zabibu ambayo haijachachuka. Kanisa halikumwambia ajikaze. Lilikiri kwamba kwa mtu huyo hata tone la kikombe ni hatari.

Jibu letu

Kwa hiyo tunajibu: ndiyo, kwa tabia yake pombe ni dawa inayolevya, ingawa sheria haiiiti hivyo na ingawa si kila anayeionja anaangamia. Kusema hivyo si kudai marufuku. Tumeona marufuku ya rangi ilizaa nini. Ni kudai tuitazame kama kitu chenye nguvu, kinachohitaji mipaka, kwa kuwa mipaka ya mababu imebomoka na hakuna aliyejenga mingine.

Jumuiya inaweza kuijenga. Kibarua alipwe fedha au mpunga, asilipwe pombe. Arusi na kipaimara viwe na saa ya kufunga. Mama anayepika gongo ili alipe ada asihukumiwe kabla ya kuulizwa anadaiwa shilingi ngapi na kikundi cha kukopeshana kitamsaidiaje. Na mlevi asiombewe tu; apelekwe hospitali, asindikizwe, asiachishwe peke yake gizani.

Mama wa yule kijana aliuliza swali la haki. Mwanawe anahitaji kusaidiwa aiache bangi, na baba anayebebwa kutoka kilabuni anahitaji msaada ule ule.