Kansa ya gegedu puani: miaka karibu 200 ya kisu, na swali la Maparoni

Hebu bonyeza ncha ya pua yako. Inapinda, halafu inarudi. Hilo ni gegedu: gumu kuliko nyama, laini kuliko mfupa, na ndani yake hakuna mishipa ya damu. Mara chache sana, seli zake huanza kuzaliana ovyo, na hiyo ndiyo kansa ya gegedu. Ikitokea puani au kwenye sinasi (yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso), hukua taratibu na kwa kawaida haina haraka ya kusambaa mwilini. Shida ni majirani: jicho liko pembeni, ubongo uko juu.

Kwa nini tiba yake kuu ni upasuaji? Dawa nyingi za kansa huwinda seli zinazogawanyika haraka. Hizi hugawanyika polepole, tena zimezungukwa na ute mzito ulioganda. Mionzi ya kawaida nayo haizitikisi sana. Kwa hiyo ni lazima uvimbe utoke wote. Ukibaki kidogo, utarudi.

Kuutoa wote, basi, ndiyo historia yenyewe. Mwaka 1827 huko Lyon, Ufaransa, Joseph Gensoul alimtoa kijana wa miaka 17 mfupa wa taya la juu, uliokuwa na uvimbe wenye gegedu ndani yake. Dawa ya usingizi haikuwepo. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Mwaka 1902, Moure wa Bordeaux aliieneza njia ya kupasua ubavuni mwa pua. Lakini paa la pua ndilo sakafu ya ubongo, na hapo wengi walikwama. Mwaka 1963, Ketcham na wenzake wa Marekani walieleza upasuaji wa pande mbili kwa pamoja: kupitia fuvu na kupitia uso.

Bado walikata bila kujua sawasawa uvimbe umeishia wapi. Siti skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Lenzi za Harold Hopkins nazo zikawezesha mrija mwembamba wenye mwanga kuingia puani, na Messerklinger wa Graz, Austria, akautumia kuchunguza sinasi. Mwanzoni ulisaidia kutibu sinasi zenye maambukizi. Leo baadhi ya uvimbe hutolewa kupitia tundu za pua, bila kovu usoni. Si wote, lakini.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za watoto waliovimba taya. Uvimbe ule hukua kwa kasi mno, na baadaye ikaonekana kwamba unayeyuka kwa dawa. Umeonana, msomaji? Nyuso mbili zimevimba: moja inahitaji dawa, nyingine kisu. Kwa macho tu unaweza kukosea. Anayeamua ni kipande kidogo cha nyama chini ya hadubini.

Ndiyo maana nakupeleka Maparoni, kata ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Huko safari ni boti na maji kujaa na kupwa, kisha gari hadi Dar es Salaam, kwa wapasuaji wa Muhimbili au kwenye mionzi ya Ocean Road, hospitali ya enzi za Wajerumani iliyogeuzwa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mtu anayelipa nauli hiyo hawezi kwenda na kurudi kila wiki. Lakini kansa hii ni ya polepole, inampa nafasi. Nafasi hiyo huliwa na miezi ya matone ya mafua.

Kwa hiyo, pua ikiziba upande mmoja tu kwa wiki kadhaa, ikitoka damu mara kwa mara, au jicho likianza kusukumwa nje, usiongeze chupa nyingine ya matone. Mara nyingi haitakuwa kansa. Omba rufaa, pua imulikwe ndani, na kikionekana kinyama, kipande kipelekwe maabara kabla mtu hajakata chochote kikubwa. Ukisafiri mara moja, safari hiyo ijibu swali hilo.