Kufuli la baiti 512: jinsi Xbox ilivyofunguliwa

Novemba 15, 2001, Microsoft ilipoanza kuuza Xbox nchini Marekani kwa dola 299, mnunuzi alikuwa anabeba kompyuta kamili bila kuambiwa kwamba ni kompyuta. Ndani ya boksi lile jeusi, zito na pana kuliko mashine yoyote ya gemu ya wakati huo, mlikuwa na prosesa ya Intel ya ukoo wa Pentium III yenye kasi ya megahezi 733, chipu ya picha ya Nvidia, kumbukumbu ya megabaiti 64, tundu la waya wa mtandao na hadi diski ya gigabaiti 8. Hata matundu ya padi yalikuwa USB ya kawaida iliyobadilishwa umbo. Hadi diski ndiyo iliyowashangaza wengi, kwa kuwa mashine kubwa za gemu zilizotangulia hazikutoka kiwandani nayo.

Fundi yeyote wa kompyuta aliyeifungua alikuta vifaa anavyovijua. Alichokuta kigeni ni kwamba havikumtii. Microsoft ilikuwa inauza boksi hilo kwa hasara, ikitegemea kurudisha fedha zake kwenye kila gemu. Kwa hiyo mashine ilipaswa kukataa gemu za kunakili, programu za watu wengine na hata diski ya mtu aliyetaka tu nafasi zaidi. Makala hii ni ya wale waliokataa kukataliwa.

Kufuli lilifanya kazi hivi. Umeme ukiingia, prosesa hutafuta maagizo yake ya kwanza. Kwenye Xbox maagizo hayo hayakuwekwa katika chipu ya kumbukumbu inayoonekana kwenye bodi, bali yalifichwa ndani ya chipu nyingine iliyotengenezwa na Nvidia. Ukubwa wake ulikuwa baiti 512 tu, nafasi isiyotosha hata kuandika aya hii unayoisoma. Humo mlikuwa na ufunguo wa siri wa kufumbua programu ya hatua ya pili. Programu hiyo ilikagua ya tatu, na ukaguzi ukaendelea hivyo mpaka kwenye gemu yenyewe, ambayo haikuanza bila saini ya kidijiti ya Microsoft. Ufunguo ukibaki siri, mnyororo wote umesimama. Ukivuja, kila kilicho mbele yake ni mlango wazi.

Aliyeuvujisha ni Andrew Huang, ambaye wenzake humwita bunnie, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT. Alianza kwa kusoma kumbukumbu inayoonekana, akakuta humo kipande cha programu ya kuwashia mashine ambacho hakikufanya kazi kilichodai kufanya. Yalikuwa masalia. Akatambua kwamba programu halisi imo ndani ya chipu ya Nvidia, na kwamba lazima ipite kwenye njia ya data kuelekea kwenye prosesa kila mashine inapowashwa. Wabunifu wa Xbox walitegemea kwamba njia hiyo, inayopitisha megabaiti 400 kwa sekunde, ina kasi mno kwa mtu wa kawaida kuinasa. Huang alitengeneza bodi ndogo ya saketi yenye chipu inayoweza kupangwa upya, akailehemu juu ya nyaya zile nyembamba, akarekodi kila kilichopita. Siri ilikuwa inapita bila kufumbwa.

Mei 2002 maelezo yake yalitoka kama ripoti ya maabara ya akili bandia ya MIT, lakini si kabla ya wanasheria wa chuo, kwa maelezo yake mwenyewe, kumwandikia barua ya kujitenga na kazi hiyo. Mwaka uliofuata mchapishaji aliyekuwa amekubali kitabu chake, kampuni ya Wiley, alijitoa kwa hofu ya sheria ya hakimiliki ya kidijiti ya Marekani ya mwaka 1998. Huang akakiuza mwenyewe, kisha No Starch Press ikakichukua. Mwaka 2013 alikiweka mtandaoni bure kwa heshima ya Aaron Swartz, mwanaharakati wa Marekani aliyefariki Januari mwaka huo akikabiliwa na mashtaka ya jinai.

Microsoft haikukaa kimya. Ilibadilisha siri ndani ya chipu, hatua iliyoifanya Nvidia ifute thamani ya shehena ya chipu za zamani kwenye vitabu vyake vya hesabu. Toleo jipya la Xbox likaja na ukaguzi uliojengwa juu ya kanuni iitwayo TEA, ambayo wataalamu wa ufumbaji walishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba haifai kwa kazi ya namna hiyo: ukigeuza biti mbili maalumu kwa pamoja, jibu la ukaguzi halibadiliki. Wadukuzi waligeuza biti hizo mbili, na kufuli jipya likafunguka kama la zamani. Kampuni yenye fedha kama ile ingeweza kumlipa mtaalamu mmoja asome ukurasa mmoja wa utafiti uliokwisha kuchapishwa.

Chipu za kufungulia mashine, zinazolehemiwa ndani yake, hazikuanza na Xbox. Kwenye PlayStation ya kwanza, Sony iliweka kwenye kila diski halali herufi nne zilizochorwa katika mtikisiko wa mfereji wa diski: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine za kuchoma CD haziwezi kuchora mtikisiko huo. Mafundi wakalehemu ndani ya mashine chipu ya bei nafuu iliyokuwa ikiitamkia PlayStation herufi inazotaka kuzisikia. Hii ndiyo chipu tunayoijua kwetu. Vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako vijana walilipia mechi moja moja ya mpira, vilisimama juu ya PlayStation zilizochipiwa na diski za kunakili. Xbox haikuwahi kuwa mashine ya mtaani Afrika Mashariki.

Chipu ya Xbox ilikuwa na kazi nyingine: kuleta programu mpya ya kuwashia mashine. Kiwanda kilikuwa kimeacha kwenye bodi safu ya matundu 16 ya kufanyia majaribio. Mashine ikishindwa kusoma kumbukumbu yake, iliangalia matundu hayo kama kuna nyingine. Chipu ilikaa hapo, na waya mmoja ulipelekwa kwenye nukta iitwayo D0 ili kuipeleka ardhini, yaani kuiharibia makusudi kumbukumbu ya kiwandani usomaji wake. Chipu za mwanzo za mwaka 2002, kama Enigmah, zilihitaji nyaya 29. Baada ya kugundulika njia ya matundu ya majaribio nyaya zilipungua, kisha zikaja chipu zenye pini za springi ambazo hazikuhitaji lehemu kabisa. Ulizibana kwa skrubu moja tu. Majina ya Xecuter, SmartXX, Xenium na Aladdin yalijulikana kwa wapenzi wa gemu Ulaya na Marekani kama majina ya wachezaji wa mpira.

Wauzaji nao walijifunza ujanja. Programu nyingi zilizotiwa kwenye chipu zilikuwa programu ya Microsoft yenyewe iliyokatwakatwa na kubadilishwa, na kuiuza ni wizi wa hakimiliki usio na mjadala. Kwa hiyo chipu ziliuzwa tupu. Mnunuzi alijitafutia programu na kuiingiza kwenye chipu mwenyewe. Waliotaka kubaki upande wa sheria walikuwa na Cromwell, programu iliyoandikwa upya na mradi wa kuendesha Linux kwenye Xbox. Tajiri Michael Robertson wa kampuni ya Lindows aliutengea mradi huo zawadi ya dola 200,000 huku jina lake likiwa siri, mpaka alipojitokeza Januari 2003.

Lakini kwa maoni yangu nusu ya kuvutia zaidi ya historia hii ni hadi diski. Ilikuwa ya kawaida kabisa, aina ya IDE, ya Western Digital au Seagate, sawa na iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani. Hata hivyo ukiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta, haikutoa neno. Ilikuwa imefungwa kwa nywila ya baiti 32 iliyokokotolewa kutokana na namba ya diski yenyewe na ufunguo uliohifadhiwa katika kichipu cha baiti 256 ndani ya mashine hiyo hiyo. Kila Xbox na diski yake walikuwa mke na mume. Diski ikifa, mashine imekufa, hata kama vifaa vingine vyote ni vizima. Mwenye mashine hakuwa ameiba chochote, ila diski yake tu ilikuwa imechoka, kama diski zote zinavyochoka.

Chipu iliondoa ndoa hiyo, kwa kuwa programu yake haikujali kama diski imefungwa au la. Fundi alifungua skrubu sita za nyota za T20 zilizofichwa chini ya miguu ya mpira na stika, akainua kifuniko, akatoa skrubu za T10 zinazoshika trei, akachomoa utepe wa data na kuweka diski ya gigabaiti 80 au 120. Wasio na chipu walikuwa na njia ya roho mkononi: kuwasha Xbox, kusubiri diski ijifungue, kisha kuchomoa utepe wa data huku diski ikiendelea kupata umeme na kuuhamishia kwenye kompyuta iliyowashwa. Mkono ukitetemeka, unapoteza vyote viwili.

Kulikuwa na ukuta mmoja, wa hesabu. Programu ya Xbox iliandika anuani za diski kwa biti 28, na biti 28 haziwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 137. Mwaka 2003 wadukuzi walitoa marekebisho ya kutumia biti 48, na diski kubwa zikaingia.

Nafasi hiyo ilijazwa nini? Gemu za kunakili, bila shaka, na asiyekiri hilo anadanganya. Baadhi walihamisha gemu walizonunua, kwa kuwa viendeshi vya DVD vya Xbox, hasa vya Thomson, vilichoka mapema. Ila matumizi yaliyoacha alama kubwa zaidi ni programu ya kutazamia sinema na kusikilizia muziki iliyoanza mwaka 2002 kwa jina Xbox Media Player, ikaitwa XBMC mwaka uliofuata. Boksi la gemu likawa maktaba ya sebuleni miaka kadhaa kabla runinga hazijajua kufanya hivyo. Mwaka 2014 XBMC ilibadilishwa jina kuwa Kodi, ile ile inayowekwa leo kwenye visanduku vya runinga vya Android. Plex nayo ilichipuka humo.

Kufikia 2003 chipu yenyewe haikuwa lazima tena. Kosa katika gemu ya 007: Agent Under Fire liliruhusu faili la gemu iliyohifadhiwa kuendesha programu yoyote, na mashine ikafunguka bila bisibisi. MechAssault na Splinter Cell zikawa na makosa ya aina hiyo.

Mahakama hazikukubaliana. Marekani, mwendeshaji wa tovuti aliyeuza chipu za Enigmah alikiri kosa Desemba 2002, akahukumiwa mwaka 2003 kifungo cha miezi mitano na faini ya dola 28,500. Duka la Lik Sang la Hong Kong lilishtakiwa na Microsoft, Sony na Nintendo kwa pamoja. Kinyume chake, mahakama ya Bolzano, Italia, iliamua Desemba 2003 katika shauri la chipu za PlayStation 2 kwamba mwenye mali ana haki ya kuitumia atakavyo, na Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia ikaikatalia Sony katika shauri lake la chipu dhidi ya muuzaji aitwaye Stevens. Microsoft kwa upande wake ilitumia adhabu ya karibu zaidi: mashine iliyochipiwa ilifungiwa nje ya Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni iliyoanza Novemba 2002.

Watengenezaji wenyewe wameshaukubali upasuaji huu wa mashine, nusu yake, ile ya diski. PlayStation 3 ya mwaka 2006 na PlayStation 4 ya mwaka 2013 zilimruhusu mwenye mashine kubadilisha hadi diski kwa bisibisi, na Sony yenyewe ilieleza namna ya kufanya hivyo. Kilichokuwa udukuzi kwenye Xbox kimekuwa maelezo ya mtumiaji. Nusu ya pili, ya chipu, bado ni jinai katika nchi nyingi: Februari 2022 mahakama ya Marekani ilimfunga miezi 40 raia mmoja wa Kanada kwa kazi yake na kundi la Team Xecuter, lililokuwa limehamia kwenye vifaa vya Nintendo Switch. Kufuli la gemu naweza kulielewa. Kufuli la diski halikumlinda mtunzi wa gemu hata mmoja kwa kiasi cha kustahili kuua mashine nzima, na Sony iliishi vizuri bila ya kuwa nalo.

Xbox kama milioni 24 ziliuzwa, na nyingi bado zipo makabatini, zikiwemo zilizoletwa Afrika Mashariki na ndugu kutoka Ulaya na Ghuba. Ukiwa nayo, usianze na diski wala chipu. Mwambie fundi aangalie kwanza kapasita ya saa iliyo kwenye bodi: katika karibu matoleo yote, isipokuwa 1.6 la mwisho, huvuja na kula nyaya za bodi hata kama mashine haijawashwa kwa miaka. Aitoe, asafishe palipovuja, kisha anakili kile kichipu cha baiti 256 na kukuhifadhia nakala. Ukiwa na nakala hiyo, diski ikifa utaweza kuweka nyingine.