Soko la jumla ni nini, na nani anapaswa kulijenga?

Soko la jumla ni mahali wauzishaji wanarangulia chakula kwa wingi, kisha wanakipeleka kwenye masoko madogo ya mitaa. Hapa Goma mfano ni Kituku, kando ya Ziwa Kivu: boti zinashusha ndizi, maharagi na mihogo kutoka Idjwi, Minova na Kalehe.

Sheria ya Oktoba 2008 inapatia mji na komine kazi ya kujenga na kutunza masoko ya umma. Kwa hiyo wamama wanaolipa taksi ya soko wako na haki ya kuuliza: hangari, maji, vyoo na depo viko wapi? Bila depo, nyanya isiyouzwa leo kesho imeoza, na hasara ni ya mama, si ya komine.