Uhai Mbele ya Kifo: Isukuti katika Maziko ya Waisukha na Waidakho

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuiona mbolezi kwa sura mbili: maombolezo na sifa. Mgawanyo huu hautoshi kulieleza tukio la isukuti katika maziko ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Makala haya yanadai kwamba hapo pana dhamira ya tatu, nayo ni ukaidi wa walio hai dhidi ya kifo.

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mghani hutangulia, safu za wanaume na wanawake humwitikia kwa sauti na kwa miguu. Ngoma hizo hizo hulaki mtoto aliyezaliwa, hushangilia arusi na huwaongoza mafahali hadi uwanja wa kupigana. Hivyo basi, zinapolia matangani, huja na kumbukumbu ya matukio hayo yote. Maneno huomboleza, ilhali mdundo wa kasi hukataa kunyamaza. Mhakiki atakayenakili maneno pekee ataiona huzuni tu na kuikosa nusu ya hoja.

Lugha nayo ni sehemu ya ukaidi huo. Mwaka 1943, katika geto la Wayahudi mjini Vilna, Hirsh Glik alitunga wimbo wa wapiganaji kwa Kiyidi, lugha ambayo hata baadhi ya wasomi wa Kiyahudi waliwahi kuibeza kuwa Kijerumani kilichoharibika. Glik alitoweka mwaka 1944; wimbo wake ungali unaimbwa. Mauaji ya halaiki hayalinganishwi na maziko ya kijijini. Linalolinganishwa ni uamuzi wa mtunzi wa kukijibu kifo kwa usemi wa nyumbani.

Lahaja za Kiisukha na Kiidakho nazo hazina nafasi kubwa vitabuni. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee na warithi ni wachache. Ngoma yenyewe yaweza kudumu majukwaani kama burudani, bila mghani ajuaye kumwita marehemu kwa lahaja yake. Hapo mdundo utasalia, lakini hautakuwa tena na kifo cha kukikaidi. Kwa hiyo, anayetaka kuihifadhi isukuti hana budi kuanza na mghani, wala si na ngoma.