Makao ya wazee: Mambo ya kukagua kabla ya kumkabidhi mzazi

MIJI ya Thika na Ruiru imepanuka kwa kasi tangu upanuzi wa Barabara Kuu ya Thika ukamilike mnamo 2012. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya makazi, na katika nyumba nyingi za kupanga, mume na mke huondoka alfajiri na kurejea usiku.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Kote nchini, waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7.

Mzazi aliyetarajia kutunzwa na wanawe na wajukuu hujikuta akishinda peke yake. Ndipo baadhi ya familia huanza kutafuta makao ya wazee, tena kwa haraka, mara nyingi baada ya mzee kuanguka au kupotea njia.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia yake na serikali. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa 2016, inataka makao yao yatimize viwango vya kitaifa.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa haitoshi bila jicho la kuilinda. Mnamo Novemba 2023, uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha, kwa picha zilizochukuliwa kwa siri, wazee wakitendewa ukatili na kutelekezwa katika makao ya Thogoto, Kikuyu, yaliyomo katika kaunti iyo hiyo ya Kiambu.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa katika tafiti zilizofanywa, wahudumu wawili kati ya watatu wa taasisi kama hizi walikiri kumtendea mzee vibaya katika muda wa mwaka mmoja.

WAHUDUMU

Jambo la kwanza la kuuliza ni idadi ya wahudumu wa zamu ya usiku. Mchana wageni huwapo na kazi huonekana. Usiku mhudumu mmoja aliyeachiwa wazee wengi hulemewa, naye mzee anayehitaji kwenda msalani husubiri au hujaribu kwenda peke yake.

Makao yanayodai kuwa na muuguzi yaonyeshe leseni yake kutoka kwa Baraza la Wauguzi. Yaeleze pia ni nani humpeleka mgonjwa katika Hospitali ya Thika Level 5 au ile ya Ruiru, na kwa gari gani.

AFYA NA USALAMA

Kuanguka ni miongoni mwa hatari kubwa kwa mzee. Sakafu isiwe ya utelezi, taa iwake usiku, na pawe na vyuma vya kushikilia chooni na bafuni.

Asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya mgongoni, viunoni na visiginoni. Kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kila zamu huandika saa hiyo daftarini. Dawa za kisukari na shinikizo la damu nazo ziandikwe zinapotolewa, pamoja na jina la aliyezitoa.

Uzeeni kiu hupungua, kwa hivyo mzee hufaa kupewa maji hata asipoyaomba. Kupungua uzito ghafla ni ishara inayotaka maelezo.

Milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake hauko karibu, kwani moto ukizuka wasioweza kutembea ndio wa kwanza kunaswa. Kumfunga mzee kwa kamba au kumpa dawa za usingizi ili atulie si matunzo.

GHARAMA

Mpango wa Inua Jamii ulianza kuwafikia wote waliotimu miaka 70 mnamo 2018, kwa Sh2,000 kila mwezi. Kiasi hicho hakilipi mishahara ya wahudumu wa mchana na usiku, hivyo makao hutegemea ada za familia au wafadhili. Mkataba utaje ada, huduma zinazolipiwa kando, na utaratibu wa kumwondoa mzee.

BAADA YA KUMPELEKA

Mzee hukaguliwa vyema na jamaa wanaomzuru bila kutangaza siku, tena kwa saa tofauti. Makao yanayokataza ziara za aina hiyo hayana budi kueleza sababu.

Jamaa atazame kucha, midomo, shuka na ngozi, kisha azungumze na mzee faraghani. Wengi hunyamaza mbele ya mhudumu kwa kuhofia yatakayowapata mgeni akishaondoka. Hata anayesumbuliwa na usahaulifu huweza kuonyesha hofu anapoguswa.

Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Palipo na majeraha, polisi wajulishwe na mzee apelekwe hospitalini siku iyo hiyo, ili daktari ayaandike kabla hayajapona.